Ubatizo na Rangi ya Ngozi

Leo nataka tumwangalie mwanamke mmoja, Elizabeth Key. Alizaliwa Virginia, katika nchi ambayo leo ni Marekani, yapata mwaka 1630. Baba yake alikuwa Mwingereza, mjumbe wa baraza la kutunga sheria. Mama yake alikuwa Mwafrika, mtumwa. Bwana aliyemtumikia alipokufa, wasimamizi wa mali walimwandika Elizabeth pamoja na watumwa. Naye akaenda mahakamani. Alisema: Baba yangu ni Mwingereza, na kwa sheria ya Kiingereza mtoto humfuata baba, tena nimebatizwa, mimi ni Mkristo. Kesi ilivutana, lakini mwaka 1656 akapata uhuru wake.

Wenye mashamba ya tumbaku hawakulala. Mwaka 1662 baraza likatunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Basi bwana aliyezaa na mtumwa wake alijiongezea mali! Mwaka 1667 wakaufunga na mlango wa pili: ubatizo haumtoi mtu utumwani.

Hapa ndugu zangu nasimama kidogo. Kanisa lililowekwa kwa sheria huko Virginia lilikuwa Kanisa la Uingereza, lile lile lililotuzaa sisi Waanglikana. Wala sheria hiyo haikukataza ubatizo. Ilisema mabwana, wakiisha kuondolewa shaka, wafanye bidii zaidi kuwaleta watumwa wabatizwe. Nimebatiza watoto wengi, na kila nikiikumbuka sheria hiyo mkono wangu huwa mzito juu ya maji.

Maana tangu hapo jina la Mkristo halikutosha tena kumtenga mtumwa na bwana. Ikabidi itafutwe alama nyingine, nayo ikawa ngozi. Kisha wakaanza kupima damu. Katika sensa ya mwaka 1890 karani aliagizwa kuandika ni nani mwenye robo ya damu ya Kiafrika, na nani mwenye sehemu moja ya nane. Angejuaje, amesimama mlangoni na kalamu yake? Mwaka 1923 Bhagat Singh Thind, mzaliwa wa India, alinyimwa uraia na mahakama ya juu kabisa ya nchi, kwa kuwa mtu wa kawaida asingemwita mweupe, hata kama wataalamu walisema asili yao ni moja. Virginia yenyewe iliendelea kukataza ndoa za weupe na weusi mpaka mahakama hiyo ilipoivunja sheria yake mwaka 1967. Na ni mwaka 2000 tu ambapo sensa ilimruhusu mtu kutaja asili zaidi ya moja.

Elizabeth aliolewa na William Grinstead, Mwingereza aliyemtetea katika kesi. Lau angalichelewa miaka kumi na mmoja tu, angalisimama mbele ya hakimu na hoja zake zote mbili, na zote mbili zingalikuwa zimekwisha kufutwa.

Kwaherini.