Kupiga Kengele na Kuvalia Njuga

Leo tunazungumzia kengele na semi zinazotokana nayo.

Tuanze na vitenzi. Kengele ya shule hugongwa, na mara nyingi ni ringi kuukuu ya gari iliyotundikwa mtini, mwanafunzi wa zamu akaigonga kwa kipande cha chuma. Ya kanisani huvutwa kwa kamba, lakini tunasema imepigwa. Ya mlangoni hubonyezwa. Zote hulia.

Tuje kwenye semi, tukianza na kupiga kengele ya hatari. Mombasa, ukishavuka daraja la Nyali, kuna mahali panapoitwa Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Kengele ile ilipigwa kuwatahadharisha wakazi wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Na hiyo ndiyo maana ya kupiga kengele ya hatari: kuonya mapema, watu wapate kujiokoa. Madaktari wakipiga kengele ya hatari kuhusu kipindupindu, wanakuambia uchemshe maji leo, usingoje mtaa mzima uugue.

Kuna pia swali la nani atamfunga paka kengele. Katika hadithi, panya walikubaliana paka avalishwe kengele ili wamsikie akija. Wazo walilipenda wote, wa kulitekeleza hakupatikana. Swali hilo huulizwa kikaoni pale kila mtu anapojua kuwa mkubwa amekosea, lakini hakuna anayethubutu kumwambia.

Sasa njuga. Hivi ni vikengele vidogo anavyofungwa mchezaji ngoma miguuni. Akikanyaga tu, vinalia, kwa hiyo hawezi kukaa kando akajifanya mtazamaji. Ndiyo maana kulivalia njuga jambo ni kulishughulikia kwa bidii na bila kificho. Mwenyekiti wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba kuwarudisha watoto watoro shuleni, huyo amelivalia njuga suala la utoro. Aliyetoa tamko moja mkutanoni akanyamaza, amepiga kengele tu.

Watangazaji na waandishi wenzangu, tusiwavalishe njuga watu ambao hawajaingia uwanjani. Nawe msikilizaji, ukisikia fulani amelivalia njuga jambo, uliza amefanya nini.