Jino Lililooza Mpaka Mzizini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya jino lililooza mpaka ndani, na juu ya tiba ya mzizi wa jino, ambayo wengi wetu tumeisikia kwa jina tu, tena jina la kutisha. Sisi si waganga. Sisi ni watu wa kalamu na daftari. Lakini daftari ndilo lililotuleta hapa, kama mtakavyosikia.

Mwaka uliopita ndugu yetu mmoja, mkazi wa Kawangware afanyaye kazi mjini, alituletea barua. Gego lake la chini lilikuwa likimwuma usiku, na chai ya moto ilimtoa machozi. Daktari alimwambia kwamba jino laweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, naye akaomba msaada wa mfuko wa wagonjwa. Tulifungua kanuni zetu, tukaona kwamba mfuko hulipa gharama ya kung'oa jino na ya kulazwa hospitali, wala hautaji popote gharama ya kuliponya. Tukamjibu kwa adabu kwamba ombi lake halikubaliki. Barua ile tuliipiga chapa sisi wenyewe.

Ndugu yetu hakutaka kung'olewa. Alinunua vidonge vya maumivu, akatafuna karafuu, na baada ya majuma machache maumivu yakakoma. Alifurahi, nasi tukafurahi pamoja naye. Miezi mitatu baadaye aliamka taya na shingo vimefura, kinywa hakifunguki, mate hayamezeki. Alilazwa siku tisa. Aliokoka, lakini jino lilikwenda, siku alizokosa kazini hazikulipwa, na mfuko wetu ukatoa fedha nyingi kuliko zile alizoomba kwanza.

Basi na tuulizane: jino lile lilinyamaza kwa sababu gani?

Jino si jiwe. Nje lina gamba gumu kuliko mfupa. Chini ya gamba pana sehemu iliyo laini zaidi. Na katikati kabisa pana kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kinachoshuka kwa vijia vyembamba mpaka ncha ya mzizi. Jino la mbele kwa kawaida lina kijia kimoja. Gego huwa na vitatu au vinne. Wazee walitufundisha kwamba jino huliwa na mdudu. Pierre Fauchard wa Ufaransa aliyakana maneno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1728, na mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyefanya kazi Berlin, alieleza kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hugeuza sukari na wanga vilivyobaki kinywani kuwa asidi, nayo asidi ndiyo itoboayo jino. Kwa hiyo wazee hawakukosea sana: mdudu yupo, ila ni mdogo kuliko walivyodhani.

Vijidudu vikifika kwenye kiini, kiini huvimba ndani ya chumba kisichoweza kupanuka. Hapo ndipo mtu hukosa usingizi. Kiini kikifa, mishipa ya fahamu hufa pamoja nacho, na maumivu hukoma. Lakini huo ni ukimya wa nyumba ambayo mlinzi wake ameuawa na wezi wangali ndani. Usaha hukusanyika kwenye ncha ya mzizi, hula mfupa wa taya, na siku moja hutafuta njia ya kutokea. Vidonge vya kuua vijidudu peke yake haviponyi, kwa kuwa dawa husafiri kwa damu, na damu haifiki tena ndani ya jino lililokufa.

Tiba yenyewe ni hii. Daktari hupiga picha ya eksirei, hudunga sindano ya ganzi, hulizungushia jino kipande cha mpira lisiingiwe na mate, hutoboa tundu juu yake, huondoa kiini kilichooza, kisha husafisha vijia kwa tupa nyembamba kama sindano na kwa maji ya dawa. Halafu huvijaza gutapacha, utomvu wa mti wa huko Malaysia na nchi jirani, nao ni wa jamii ya mpira, akaziba juu. Kazi yaweza kwisha siku moja, au mtu akaitwa mara mbili tatu. Siku chache za kwanza jino laweza kuuma kidogo. Gego kwa kawaida huhitaji kuvikwa taji, maana limepungua nguvu na laweza kupasuka. Aliyetibiwa mzizi akaacha taji amejenga nyumba bila paa.

Hatusemi kwamba kila jino huokolewa. Lililopasuka mpaka mzizini, au lililobaki kigae tu, halina budi kung'olewa. Wala kung'oa si jambo geni kwetu: Wajaluo wa zamani waling'oa meno sita ya chini kwa mila. Lakini mila ilikuwa na idadi yake, nasi twang'oa bila kuhesabu.

Uko pia uvumi kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta maradhi mwilini. Uvumi huo una asili yake. Daktari wa meno wa Marekani, Weston Price, aliyefika Kenya mwaka 1935 akayakagua meno ya watu wetu, alifundisha hivyo. Aliyoyaona hapa yafaa kukumbukwa, kwamba waliokula vyakula vya asili walikuwa na meno machache sana yaliyooza. Bali majaribio yake juu ya mizizi yalipimwa upya na wataalamu wengine, yakaonekana na kasoro, na mafundisho hayo yakaachwa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na hospitali yake ya meno iko upande wa Barabara ya Argwings Kodhek, ambako wanafunzi hutibu wagonjwa chini ya macho ya walimu wao. Aendaye kwingineko, mjini au Westlands, na aulize kwanza kama daktari ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya.

Sasa twaja kwenye ombi letu. Mzee mmoja alituuliza kwa haki kabisa: je, fedha tulizoweka kwa ajili ya wagonjwa mahututi na misiba zitumike kwa meno? Twamjibu kwa heshima kwamba zimekwisha kutumika, daftari laonyesha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumelipia ukuta. Kwa hiyo Kamati yaomba Mkutano huu ukubali kanuni ibadilishwe, mfuko ulipe nusu ya gharama ya kutibu mzizi, mwanachama akileta cheti cha daktari aliyeandikishwa.

Na kabla kura haijapigwa, kila mmoja arudi nyumbani na maneno haya: jino likiuma usiku, au maumivu ya kitu cha moto yakikawia, usingoje, likinyamaza lenyewe, nenda upesi zaidi, na uso au shingo ikifura, kinywa kikikataa kufunguka, au kumeza na kupumua kukiwa na shida, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Ndugu yetu yumo humu ukumbini. Hakutulaumu hata mara moja, na hilo limetuuma kuliko lawama. Mkikubali, barua ya kwanza tutakayoipiga chapa chini ya kanuni mpya iwe ni ya kukubali.