Chokaa ya Mwilini na Mama Mjamzito



Sisi wa pwani hatuna uhaba wa chokaa. Kuta za Gede, zilizosimama kwa mamia ya miaka, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa. Lakini asili ya chokaa hiyo, yaani kalsiamu, aghalabu hupungua katika chakula chetu.

Mtu mzima ana kadiri ya kilo 1 ya kalsiamu, na sehemu 99 katika 100 zimo katika mifupa na meno. Hicho kidogo kisaliacho husaidia moyo kupiga na misuli kujikunja. Chakula kisipoileta ya kutosha, damu hukopa mifupani. Naye mama mjamzito ana mkopaji wa pili tumboni.

Twalisema hili kwa ajili ya jirani yetu mmoja, aliyeshikwa na degedege akiwa na mimba ya miezi minane. Watu walinena ni pepo, ukapita usiku kucha katika kupunga. Kumbe ni kifafa cha mimba. Mtoto aliokolewa, mama hakuwahi. Nasi tulikuwapo, wasomi wa mtaa, wala hatukufungua kinywa.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, mahali ambapo chakula kina upungufu wa kalsiamu, mjamzito apewe gramu 1.5 hadi 2 kila siku, ili kupunguza hatari ya maradhi hayo, ambayo huanza kwa damu kupanda. Vidonge hivyo visimezwe pamoja na vya kuongeza damu. Vipishane kwa saa kadhaa. Na mjamzito akiumwa sana na kichwa, au macho yakiona kiwi, apelekwe hospitali saa ile ile.

Katika chakula, sima na muhogo havitoshi. Maziwa ni mazuri, ila bei yake twaijua. Dagaa waliwao na mifupa yao ni nafuu, na majani ya mronge hayanunuliwi. Udongo si badala yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa Kilifi walikuwa wakiula, na walaji walipungukiwa na damu. Chokaa ya tambuu nayo huunguza kinywa.

Mama atakaye kusindikizwa kliniki, au mume atakaye kumpeleka mkewe, na aandikishe jina kwa katibu kabla ya chai.