Unyevu wa Udongo na Usalama wa Majirani

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya njaa, hata hivyo, haionekani mawinguni. Huanzia ardhini, pale mizizi ya mahindi inapokosa maji ingawa majani yangali mabichi.

Katika nchi jirani ya Kenya, na vilevile Ethiopia na Somalia, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022. Mwezi Septemba 2021, Serikali ya Kenya iliutangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Mifugo inapokufa na watu wanapogombea visima na malisho, mzigo huwaangukia polisi na askari. Ndiyo maana upimaji wa maji yaliyomo udongoni si jambo la mabwana shamba peke yao.

Kwa njia ya zamani, mtaalamu huchukua udongo shambani, huupima uzito, huukausha katika tanuri kwa joto la nyuzi 105, kisha huupima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Njia hiyo ni ya hakika, lakini haiwezi kuenezwa nchi nzima kila wiki. Kwa sababu hiyo Ulaya ilirusha setilaiti ya SMOS mwaka 2009, na Marekani ikarusha SMAP mwaka 2015. Vyombo hivyo hupokea mawimbi hafifu yanayotolewa na ardhi yenyewe. Udongo mkavu huyatoa kwa nguvu zaidi kuliko udongo wenye maji. Mawimbi hayo hupenya mawingu, usiku na mchana, hata nchi nzima ikapimwa kila baada ya siku mbili au tatu.

Pamoja na hayo, kipimo kimoja huweza kufunika eneo la kilometa 40 kila upande, na huonyesha hali ya sentimeta 5 tu za juu. Shamba la bondeni lenye maji na shamba la mlimani lililokauka huhesabiwa pamoja. Kila askari anafahamu kwamba habari zilizopatikana kwa kutazama kutoka mbali hazina budi kuthibitishwa na doria ya miguu. Vivyo hivyo, bwana shamba hana budi kufika na kuchimba.

Mjini Nairobi kuna kituo cha kanda cha ramani na rasilimali, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho Tanzania ni mwanachama wake. Ushirikiano wa namna hiyo una maana, kwani ukame hauna pasipoti. Lakini tarakimu ikibaki kabatini haimwokoi mtu. Yapasa imfikie mkuu wa wilaya mapema. Chakula kikipelekwa kabla ya njaa, askari husindikiza magari ya nafaka. Kikichelewa, askari huyo huyo huitwa kuwatuliza wenye njaa.