Uganga Hufunzwa Mbele ya Mgonjwa

Mafunzo kwa vitendo ndiyo sehemu ya tiba asili inayosahauliwa kila usajili wa waganga unapotangazwa. Usajili una kazi yake: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya Tanzania ya mwaka 2002 iliunda Baraza la tiba hizo ili mgonjwa amjue anayempokea. Lakini cheti humtambulisha mganga, hakimfundishi. Cheti hakimwonyeshi homa ya mtoto inayotaka kukimbizwa hospitali ya Maweni, Kigoma, usiku uleule. Cheti hakimpi kipimo cha mzizi anaopewa mama mjamzito.

Nchini China, vyuo vya tiba ya jadi vilifunguliwa mwaka 1956 katika Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na desturi ya mwanafunzi kumfuata mwalimu haikuachwa. Mwanafunzi huketi kando ya tabibu. Mwalimu akishashika mkono wa mgonjwa, mwanafunzi naye huushika, husikiliza mapigo, hutazama ulimi, kisha hutaja dawa ambayo angeitoa. Kosa husahihishwa mgonjwa akiwa bado yupo. Tangu Julai 2017 sheria ya huko inamruhusu aliyejifunza kwa kumfuata mwalimu kupata kibali cha kutibu, mradi adhaminiwe na matabibu wasiopungua wawili na afaulu mtihani wa ujuzi wake. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 1999 kuhusu tiba ya sindano (akupancha), lilitaja mafunzo ya saa 2,500 kwa asiye daktari, na kati ya hizo zisizopungua 1,000 ziwe za vitendo na za kuhudumia wagonjwa.

Tanzania haiko mbali na elimu hiyo. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Bara mwaka 1968. Mwaka 1987 wataalamu wao wa tiba ya jadi walianza kushirikiana na Muhimbili kuwahudumia wenye virusi vya ukimwi, na Muhimbili ilikuwa na kitengo cha kutafiti tiba asili tangu 1974. Kazi hiyo ya Muhimbili iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka Kigoma. Elimu hubaki kule. Kijiji cha Kidahwe, huku Kigoma, huletewa fomu za usajili.

Na mkoa wa Kigoma haukosi walimu. Mwaka huohuo wa 1987, katika milima ya Mahale, Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe aliyefanya kazi hifadhini, alikuwa na mtafiti Michael Huffman walipomwona sokwe mgonjwa aitwaye Chausiku akitafuna kiini kichungu cha mjonso. Kalunde aliujua mti huo kuwa dawa ya tumbo kwa Watongwe, na Chausiku alipata nafuu kesho yake. Babu yake Kalunde naye anakumbukwa kwa kuigundua dawa ya mulengelele kwa kumtazama nungunungu mgonjwa. Hiyo ni elimu ya kuona na kushika, iliyopita mikononi mwa wazee hadi kwa wajukuu. Upungufu wake ni kwamba kijana hurithi kwa mzee mmoja tu, na kosa la mzee hurithiwa pamoja na dawa zake, maana hakuna mwingine wa kulikagua.

Ukaguzi huo ndio unaodaiwa. Baraza lisiishie kwenye cheti! Halmashauri ichague zahanati moja, iwakutanishe waganga wazee wanaoaminika na tabibu na muuguzi, na vijana wanaorithi uganga waketi hapo, siku baada ya siku, mbele ya wagonjwa halisi. Wajifunze kupima joto, kuandika dawa iliyotolewa na kiasi chake, kuuliza mgonjwa anameza nini kutoka hospitali, na kumwandikia rufaa mapema. Wazee walipwe kwa kufundisha. Na kijana asipewe cheti hadi mwalimu na tabibu wote wawili wawe wamemwona akimhudumia mgonjwa.