Nakala Moja kwa Kila Nyumba: Juu ya Diski za Video za Familia Zetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya kumbukumbu. Wenzangu wamekwisha kueleza historia ya hekalu. Mimi ni mtu wa duka, nami nitazungumzia kitu kilichomo ndani ya kabati la kila nyumba: diski za video za harusi, za Diwali, za watoto waliokuwa wakitambaa na leo ni wazazi. Ombi langu ni kwamba tuzinakili sasa, na kila anayestahili apewe nakala yake.

Kunakili kumbukumbu si jambo geni kwetu. Huko Gujarat walikuwako wavahivancha, watunza nasaba, waliopita kijiji hadi kijiji wakiandika vitabuni nani amezaliwa na nani ameoa. Mjini Haridwar, kando ya Mto Ganga, makuhani wa ukoo bado hutunza vitabu vya namna hiyo, na msafiri huweza kusomewa majina ya mababu zake wa vizazi vingi. Vitabu hivyo vimedumu kwa sababu kila kilipochakaa, yupo aliyekaa chini akakiandika upya. Nasi wafanyabiashara twajua: daftari la hesabu likiwa moja tu, moto mmoja unatosha.

Historia yenyewe imetufunza. Mwaka 1972, ndugu zetu wa Uganda walipewa siku 90 kuondoka nchini. Waliondoka na masanduku machache, na albamu nyingi za picha zilibaki ukutani na kabatini. Tarehe 26 Januari 2001, tetemeko la ardhi liliivunja Bhuj na sehemu kubwa ya Kachchh, na pamoja na roho za watu zikapotea kumbukumbu za nyumba nzima nzima. Waliokuwa na ndugu mbali aliyetumiwa picha zamani, walipata kitu cha kuanzia. Wasiokuwa naye hawakupata kitu.

Vijana huenda wasijue kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo aliyekuwa na deki alitazama mikanda. Ndugu walioishi ng'ambo walituletea kamera, nasi tukarekodi harusi kwenye mikanda ya VHS. Baadaye tukaipeleka studio ikahamishiwa kwenye diski, tukadhani kazi imekwisha.

Haijakwisha. Diski iliyochomwa kwa kompyuta si sawa na ile iliyopigwa chapa kiwandani. Ndani yake mna rangi maalumu ambayo mwanga wa leza huibadilisha, na mabadiliko hayo ndiyo picha yetu. Jua na joto huififisha rangi hiyo. Vumbi letu jekundu la kiangazi nalo huikwaruza diski kila inapofutwa vibaya. Tena kompyuta mpakato mpya nyingi hazina tena mahali pa kuingiza diski, na deki zinatoweka madukani. Diski yaweza kuwa nzima, lakini mlango wa kuingilia ukawa umefungwa.

Habari njema ni kwamba diski si kama mkanda. Mkanda ulionakiliwa kutoka mkanda mwingine hufifia kila kizazi: mtoto ana ukungu, mjukuu haonekani sura. Bali diski iliyonakiliwa vyema ni sawasawa na mama yake. Nakala ya kumi haina upungufu mbele ya ya kwanza.

Kazi yenyewe ni hii. Futa diski kwa kitambaa laini, ukitoka katikati kwenda ukingoni, wala usizungushe. Kwa kompyuta, hifadhi kwanza diski yote kama faili moja kamili. Hiyo ndiyo mbegu. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, basi faili litahitaji nafasi kiasi hicho. Kisha choma nakala kwa mwendo wa wastani, na mwisho usisahau kuifunga diski, maana isiyofungwa mara nyingi haisomeki kwenye deki nyingine. Ijaribu kwenye mashine tofauti na ile iliyoichoma. Andika jina na mwaka kwa kalamu laini ya wino, kamwe si kwa kalamu ngumu, kwa kuwa upande wa maandishi nao hudhurika. Isimamishe ndani ya kasha lake, mbali na dirisha.

Kwa ndugu walioko Marekani na Kanada kuna jambo moja zaidi. Sisi na Uingereza tulitumia mfumo wa PAL wa picha 25 kwa sekunde; wao walitumia NTSC wa karibu picha 30. Ndiyo maana diski uliyoituma Toronto huenda ikakataa kucheza kwenye deki ya huko ilhali Leicester inacheza. Kwao tuma faili la video kwenye flashi. Tena tuma faili lenyewe; video inayopitia WhatsApp hubanwa, na sura hupotea.

Wataalamu wa kumbukumbu wana kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Diski kabatini, faili kwenye kompyuta, na flashi kwa dada aliye Arusha au Rajkot. Hapo hata mwizi na mvua havitatufilisi.

Sasa, ni nani anayestahili nakala? Twasema familia. Lakini nieleze lililotokea dukani kwangu. Mama mmoja wa Endamarariek, mjane, alikuja kununua sukari, akaniuliza kwa haya kama bado tunayo video ya harusi ya nyumbani kwetu. Marehemu mumewe alikuja siku ile na wazee wenzake, akacheza, akatoa baraka kwa lugha yake ya Kiiraqw. Mama yule ana picha moja tu ya mumewe, ile ya kitambulisho. Watoto wake wadogo hawakuwahi kuisikia sauti ya baba yao. Sauti hiyo ilikuwa ndani ya kabati letu, dakika mbili kati ya saa mbili. Alipewa nakala yake.

Ndugu zangu, humo kabatini mwetu wamo wazee wa majirani zetu wengi: mafundi, wapishi, wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, walimu wa watoto wetu. Waliokula nasi harusini wana haki kwenye picha ya harusi.

Pamoja na haki hiyo kuna adabu. Asiyetaka kuonekana aheshimiwe, na machozi ya msibani yasitembezwe kwenye simu za watu. Wala nisieleweke vibaya: filamu iliyonunuliwa dukani ni kazi ya mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda. Mimi nasema juu ya zile tulizorekodi wenyewe.

Napendekeza, Mheshimiwa Mwenyekiti, kila mwaka kwenye Diwali, tunapofanya Chopda Pujan na kufungua vitabu vipya vya hesabu, vijana wetu waweke meza moja ukumbini yenye kompyuta. Kila nyumba, yetu na ya jirani, ilete diski moja, irudi na mbili. Wazee waketi pembeni wakitaja majina ya wanaoonekana, nayo yaandikwe, maana sura isiyo na jina hupotea mara ya pili. Tuanze Diwali ijayo, wakati wanaoyajua majina hayo bado tunao.