Tumaini Wakati wa Dhiki

Jioni hii nimepewa nafasi ya kusema nanyi habari ya tumaini la Mkristo wakati wa dhiki. Ni neno linalotajwa sana makanisani, hata wengine wetu tumelizoea kama tulivyozoea mlio wa kengele. Twalisikia wala hatulisikilizi. Mimi nami nalikuwa hivyo, hata usiku mmoja nilipolihitaji, nikalitafuta nisilione. Basi nitaanza na usiku ule.

Gongo la Mboto iko katika njia itokayo Dar es Salaam kwenda Pugu, ukiisha kupita kiwanja cha ndege. Wakaao huko si matajiri: ni mafundi, wachuuzi, vibarua, askari na jamaa zao, na wakulima wadogo waliobakiza minazi na mihogo nyuma ya nyumba. Mwaka 2011 nalikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni karibuni, nimepanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, Mwislamu, ambaye sote tulimwita Bibi. Siku ya Jumatano, tarehe 16 Februari, baada ya saa mbili ya usiku, nalikuwa nikisahihisha madaftari ya watoto. Nikasikia mshindo, nikadhani ni radi. Mshindo wa pili ukatikisa mabati. Wa tatu, nikatoka nje, nikaona mbingu imekuwa nyekundu upande wa kambi ya jeshi. Maana ghala za silaha zilikuwa zikiwaka, na mabomu yakalipuka moja baada ya jingine, mengine yakaruka na kuanguka mbali, katikati ya nyumba za watu. Ninyi mliokuwa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 hamna haja ya kuelezwa, kwa kuwa yaliwapata hayo hayo mbele yetu.

Watu wakatoka mbio. Wengine wakashika njia ya mjini, wengine wakaelekea Pugu na Kisarawe, gizani, katika nguo walizolalia. Nalimwona baba mmoja amekumbatia redio, na mkewe nyuma yake akiuliza mtoto wa pili yuko kwa nani. Nami nalimshika Bibi mkono. Magoti yake yalikuwa mabovu, hawezi kwenda upesi. Tukaenda hatua kama mia. Bomu likaanguka mbele yetu, si mbali, akaniambia, "Niache, mwanangu, nenda. Wewe ni kijana."

Nikamwachia mkono. Neno hili sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu, nalisema leo kwa sababu nisipolisema, yote yatakayofuata yatakuwa maneno matupu. Naliuachia mkono ule, nikakimbia, wala sikutazama nyuma hata nilipofika Pugu.

Pugu ni mahali penye kumbukumbu kwa Wakristo. Mwezi wa Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni ya Wabenediktino iliyokuwa hapo iliteketezwa, na wamisionari wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Baadaye palijengwa shule, ile ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Haya yote nalikuwa nikiyafundisha darasani. Usiku ule hayakunifaa. Nilikaa chini ya mwembe pamoja na watu nisiowajua, nikataka kusali, na maneno hayakuja. Sala nilizofundishwa na misheni tangu utoto nazijua kwa moyo. Walakini kila nikianza, nauona mkono wa Bibi.

Karibu nami palikuwa na mzee mmoja, nadhani alikuwa katekista, amezungukwa na watoto waliopotezana na wazazi wao. Ili wanyamaze, akawahadithia safari ya Mtume Paulo ya kwenda Rumi. Hakuwa na kitabu, wala pasingesomeka kitu. Alisimulia kama mtu wa pwani asemavyo habari za bahari: jinsi tufani ilivyowapiga siku nyingi, jua halionekani wala nyota, jinsi mabaharia walivyotia bildi usiku, wakaona maji ni pima ishirini, kisha kumi na tano, jinsi walivyotupa nanga nne za tezi kwa hofu ya miamba, wakakaa wakiomba kuche. Na kulipokaribia kucha, Paulo akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala, akawahimiza nao wale, maana kazi ya kuogelea ilikuwa bado.

Mtoto mmoja akauliza, "Babu, na jahazi lilipona?"

Mzee akanyamaza kidogo. Akasema, "La, mjukuu wangu, jahazi halikupona. Lilivunjika. Watu ndio waliopona, wote 276, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao."

Naliliwaza jibu lile hata alfajiri. Mpaka siku ile nalidhani kutumaini ni kutaraji kwamba jahazi halitavunjika: kwamba nyumba ya mcha Mungu haitaanguka, na mtoto wake hataugua, na mshahara wake utatosha. Taraja la namna hiyo kila mtu analo, hata asiyesali. Paulo aliambiwa mapema kwamba chombo kitapotea, naye akala mkate wake.

Lakini nasi, wasikilizaji, hatukupona sote. Watu zaidi ya 20 walikufa, na mamia wakajeruhiwa, hata hospitali za Amana, Temeke na Muhimbili zikajaa. Mama aliyemzika mwanawe haitoshi kumhadithia habari za mbao na nanga. Kwake Mkristo hana la kumwambia ila kaburi lile lililokutwa wazi asubuhi ya siku ya kwanza. Na pengine ni heri kwanza umchotee maji, umpikie uji, ukae naye kimya, kabla hujalisema.

Walikuwako waliosema kwamba yametupata kwa sababu ya dhambi zetu. Nalisikia neno hilo sokoni, na, kwa aibu yetu, nalilisikia kanisani pia. Silipendi. Mnara wa Siloamu ulipoanguka ukawaua watu 18, Bwana Yesu aliwakana wazi waliodhani kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Basi sisi ni nani tuhesabu dhambi za jirani kwa vipande vya mabomu?

Kulipokucha nikashika njia kurudi. Sikumwona Bibi nyumbani, wala kwa jirani. Siku ya pili nikaambiwa kwamba maelfu ya watu wamekusanyika katika Uwanja wa Uhuru, na Msalaba Mwekundu unawasaidia watoto kutafuta wazazi wao. Nikaenda. Nalizunguka uwanja ule tangu asubuhi hata adhuhuri, na nawaambia kweli, nilikuwa natamani kumwona, tena naogopa kumwona.

Nikamkuta ameketi juu ya kanga. Vijana wauza maji walikuwa wamempakia katika mkokoteni wao usiku ule, wakamsukuma mpaka akapata gari. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, Bibi," na sauti ikanikatika hapo. Akaniitikia, akanitazama sana, akauliza, "Umekula?"

Mwanafunzi wa shule ya Jumapili atakumbuka. Petro alimkana Bwana wake karibu na moto wa makaa. Na baada ya kufufuka kwake Bwana aliwasha moto wa makaa ufukoni alfajiri, akaweka samaki na mkate, akawauliza wanafunzi kama wana kitu cha kula, kisha akawaita waje wale. Habari ya kukanwa haikutangulizwa. Bibi hakuwahi kuisoma hadithi ile. Alinikatia nusu ya mkate aliopewa, nikala, na machozi yakinidondoka juu ya mkate.

Tulirudi nyumbani siku chache baadaye. Kuta zilikuwa zimesimama, mabati mawili yametoboka. Madaftari yalikuwa mezani vile vile nilivyoyaacha, yamejaa vumbi. Bibi akachukua ufagio, akanituma maji.